Siku Tuliyoupaka Mto Chokaa

Vijana mliopanga vyumba hapa Shirere huniuliza, tukikutana dukani, kama ni kweli serikali iliwahi kunilipa mshahara kwa kugeuza mawe mtoni. Ni kweli. Nililipwa kwa kuyageuza, na pia kwa kuyarudisha yalivyokuwa, ambayo ndiyo sehemu ya kazi inayowashinda wengi. Kwa kuwa nimestaafu, na kwa kuwa wengi wenu mnatafuta pa kujitolea ili mpate barua ya kuonyesha kwa waajiri, nitawaeleza kazi ile ilikuwaje. Sitafuata mpangilio wa miaka, kwa sababu niliyojifunza hayakuja kwa mpangilio.

Nilikuwa fundi wa vipimo katika ofisi ya maji. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine niliyasoma mwenyewe katika vitabu vya ofisi, ambavyo hakuna mtu mwingine aliyekuwa akivigusa isipokuwa mchwa. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia hali ya vijito vinavyoingia Isiukhu. Isiukhu huingia Nzoia, Nzoia huingia ziwani, na maji ya ziwa, baada ya safari ndefu, hufika baharini kule Misri. Niliwaambia hivyo wakulima wa miwa waliokuwa wakioshea pampu za dawa kijitoni. Mmoja alinijibu, "Basi wacha Wamisri walete malalamiko yao hapa."

Ilikuwa miaka ya miwa. Ninyi mmeikuta miwa ikiwa imezeeka, lakini wakati ule ilikuwa kama bahati iliyoshuka kwa mvua. Mtu alipanda miwa mpaka mlangoni mwa choo. Mahindi yaling'olewa, ndizi zikang'olewa, na mama mwenye nyumba akaanza kununua unga wa obusuma, yaani ugali, sokoni, jambo lililoonekana kuwa maendeleo. Ukingoni mwa mito, ambapo zamani paliachwa miti na matete, miwa ilisimama na mizizi majini. Trekta zikapita, udongo ukateremka, na vijito vikawa na rangi ya chai ya maziwa. Kila mwanafunzi alitaka ajira kiwandani. Hakuna aliyekuwa na ndoto ya kujifunza habari za maji, kwa maana maji yalikuwepo tu, kama hewa na wajomba.

Mwanzoni tulipima maji kwa dawa za chupa. Dawa hizo ziliagizwa Nairobi. Zilikuja baada ya msimu tuliozihitaji, mara nyingi zikiwa zimeharibika, nasi tuliandika ripoti kwamba zimefika salama. Mzee Lihanda, aliyekuwa mkuu wangu, ndiye aliyechoka kwanza. Alikuwa mtu mfupi, mwenye suruali iliyokunjwa hadi magotini hata akiwa kanisani. Siku moja aliniita mtoni, akainua jiwe, akanionyesha upande wake wa chini.

"Unaona nini?"

"Uchafu, mzee."

"Tazama tena. Uchafu hauna miguu."

Palikuwa na wadudu wadogo bapa wenye mikia mitatu, wengine waliojijengea vijumba vya changarawe, na kaa mmoja aliyekasirika. Mzee Lihanda alinieleza kwamba wenye mikia mitatu hawavumilii maji machafu. Mto ukiharibika wao ndio hutangulia kufa. Minyoo myekundu na ruba huvumilia karibu kila kitu. "Ukiwakuta wote pamoja, mto una afya," alisema. "Ukiikuta minyoo myekundu peke yake, usinywe. Usipokuta hata mnyoo, ondoka hapo, na uulize kimetokea nini." Wadudu hao hawakuhitaji kuagizwa Nairobi. Tangu siku hiyo tulifanya kazi kwa neti, beseni jeupe na macho.

Mkitaka kuifanya kazi hii, shikeni mambo machache. Ingieni mtoni kutoka upande wa chini na mpande kuelekea juu. Ukianzia juu, unapima matope ya miguu yako mwenyewe. Shika neti nyuma yako, maji yakielekea ndani yake, kisha chokoa mawe kwa kisigino kama mtu anayecheza isukuti bila ngoma. Jiwe ulilogeuza, lirudishe upande uleule, kwa sababu umebeba paa la nyumba ya mtu. Na kaa hukaa kwenye beseni lake peke yake. Wanafunzi wangu wa kwanza walichanganya wanyama wote katika beseni moja, wakaenda kunywa chai, na waliporudi walikuta kaa mmoja mnene. Waliandika kwamba mto una kaa tu.

Kuna tatizo jingine ambalo halimo katika vitabu. Hapa Kakamega, mtu akionekana mtoni akichekecha mchanga, watu wanajua anachotafuta. Wazee wenu walichimba dhahabu, na wengine bado wanaitafuta mvua ikipungua. Kwa hiyo kila tuliposimama majini na neti, watu walijaa ukingoni.

"Nyinyi watu wa neti, mnapatanga ngapi kwa siku?" mama mmoja aliniuliza.

"Leo tumepata kerengende wachanga na konokono, mama."

"Haya. Endelea kuficha. Mungu anaona."

Wiki iliyofuata tulikuta sehemu yetu ya kupimia imechimbwa yote. Mzee Lihanda alicheka mpaka akakaa chini. Alisema angalau sasa kuna watu wanaojali mto.

Ofisi iliponiagiza nianzishe kikundi cha wanafunzi wa kujitolea, nilikwenda katika shule moja ya harambee ambayo kijito kilipita nyuma ya madarasa yake. Jina lake silitaji. Limeshabadilika mara mbili. Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Shitandi. Naomba msimcheke kabla ya wakati. Mtu huyo alianza shule hiyo kwa madarasa ya udongo, akabeba matofali na wanafunzi wake, akawaomba wazazi wenye miwa mpaka wakaanza kujificha wakimwona. Alikuwa mwaminifu na mwenye bidii. Imani yake kubwa ilikuwa mgeni. Mgeni akija, hata awe mkaguzi wa vyoo, shule yote ilifagiwa, nyasi zilikatwa, mashina ya miti yalipakwa chokaa, na mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Mbuzi wa shule, kama angesimama kwa muda, angepakwa pia.

Nilipowaeleza wanafunzi maana ya kujitolea, kijana mmoja aliinua mkono.

"Bwana Maji, tunajitolea kwa shilingi ngapi?"

"Hakuna shilingi."

"Mandazi je?"

"Mandazi yapo."

"Basi tujitolee," alisema, na nusu ya darasa ikajiandikisha. Mandazi yalipopungua, kikundi nacho kilipungua. Walibaki wachache, na kati yao alikuwa Rispa.

Rispa alikuwa kidato cha nne, binti wa mkata miwa wa upande wa Butere, akikaa kwa shangazi yake ili asome. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha walimu: ukimwambia jambo, aliuliza umejuaje. Mtoni tabia hiyo ni mali. Mwaka mzima aliendelea kupima kijito kile, masika na kiangazi, akajua kila jiwe lina nani chini yake. Aliwahi kuniambia, "Wadudu wa jiwe la tatu wamehama," kama mtu anayezungumzia majirani.

Ndipo chuo kimoja cha pwani, kinachofundisha mambo ya bahari na maziwa, kilipotangaza nafasi kwa wanafunzi wa mikoa ya ndani. Wilaya yetu ilipewa nafasi moja, pamoja na ada na malazi. Bila nafasi hiyo, Rispa angerudi Butere baada ya mtihani. Baba yake alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba hana uwezo zaidi, na palikuwa na mzee mwenye trekta aliyeanza kuulizia habari zake. Chuo kilitaka mambo mawili. Mwanafunzi apime mto mbele ya mtu wao na aeleze alichokiona, na mwalimu mkuu aandike maoni yake juu ya tabia ya mwanafunzi huyo.

Baba yake alipoelezwa kwamba binti atasomea bahari, alifikiri kidogo. "Bahari," alisema. "Sisi huku tuna mfereji. Lakini kama wanalisha, aende."

Mtu wa chuo aliandika kwamba atakuja Ijumaa. Nilimweleza Mwalimu Shitandi kwa maneno mepesi kwamba mgeni anakuja kuangalia wadudu wa mtoni. Sasa najua alisikia neno mgeni, akasikia neno wadudu, na kati ya hayo mawili akafanya uamuzi wa mtu mwenye heshima zake.

Ijumaa asubuhi nilifika na neti begani. Langoni palikuwa na upinde wa migomba na maua. Njia yote ilikuwa nyeupe pande mbili, jiwe kwa jiwe, na sikushangaa. Nilishangaa nilipofika kijitoni, kwa sababu weupe ule wa jiwe kwa jiwe ulikuwa umeingia mpaka majini.

Ukingo ulikuwa umefyekwa mpaka udongoni. Matete hayakuwepo. Mawe yaliyokuwa mtoni yalikuwa yametolewa, yakasuguliwa kwa brashi ya waya na sabuni, yakapakwa chokaa na kurudishwa majini yakiwa yamepangwa kwa mstari, makubwa mbele, madogo nyuma, kama gwaride. Chokaa iliyobaki ilikuwa imemwagwa humohumo. Maji yalikuwa yamesafika juu, lakini chini ya mawe palikuwa na uji mweupe. Ukingoni nilimwona kaa wetu, amelala chali.

Rispa alikuwa amesimama hapo na beseni tupu.

"Walifanya lini?" nilimuuliza.

"Jana, baada ya chai ya saa nne. Shule nzima. Mwenyekiti wa bodi alileta chokaa kwa trekta."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, nikisugua. Nilimwambia Mwalimu wadudu watakufa. Akasema, 'Ndiyo maana tunasugua.'"

Mwalimu Shitandi alikuja akiwa amevaa suti, uso wake una furaha ya mtu aliyemaliza kazi. "Bwana Maji! Umeona? Yule mama wa pwani asije akasema Wakakamega wanakunywa wadudu."

Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa, kisha kwaya ikaanza kuimba kwa sababu gari lilikuwa limefika.

Mgeni alikuwa mwanamke mmoja, Bi. Zainabu, mtu wa makamo, mwenye buibui na viatu vya kutembelea mbali. Alitusalimu kwa salamu ndefu za kwao, kila jibu likizaa swali jingine, na Mwalimu Shitandi, ambaye alizoea "habari" na "mzuri", alijikuta akiitikia hata akiwa hajaulizwa. Wazazi wenye miwa walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbele. Baba yake Rispa alikuwa nyuma, amesimama, kofia mkononi.

Mwalimu Shitandi alisoma hotuba. Alishukuru serikali, bodi, miwa na mvua. Kisha akaelekeza mkono wake kijitoni.

"Mheshimiwa mgeni, wengine wanajivunia majengo. Sisi tunajivunia mto. Mto wetu ni safi kiasi kwamba hata mdudu mmoja hathubutu kuishi ndani yake!"

Makofi yalikuwa makubwa. Bi. Zainabu hakupiga. Alimtazama Rispa, akasema, "Haya, mwanangu. Ingia kazini."

Mnajua mambo ya huku. Mwanafunzi hamsahihishi mwalimu mkuu hata darasani wakiwa peke yao, seuze mbele ya mgeni, bodi na kwaya. Na maoni juu ya tabia yake yalikuwa bado hayajaandikwa. Karatasi ilikuwa katika mfuko wa ndani wa ile suti. Rispa aliingia mtoni kutoka upande wa chini, kama nilivyomfundisha. Alishika neti nyuma yake, akachokoa mawe, maji yakageuka kuwa maziwa. Aliimwaga neti kwenye beseni. Akatazama. Akarudia mahali pengine. Mara tatu alifanya hivyo, na watu wa viti vya mbele walianza kutabasamu, kwa sababu beseni lilibaki safi kabisa.

"Unasemaje?" Bi. Zainabu aliuliza.

Rispa alimtazama Mwalimu wake, na mimi nilitazama viatu vyangu. Kumshauri haikuwa haki yangu. Aliyeshika neti alikuwa yeye.

"Nimekuta hakuna, madam," alisema. "Kwa hiyo mto huu umekufa."

Mwenyekiti wa bodi alikohoa. Mwalimu Shitandi alibaki na tabasamu lililosahauliwa usoni.

"Umekufa lini?" Bi. Zainabu aliuliza, kwa sauti ileile ya kuulizia hali ya nyumbani.

"Jana, kati ya saa nne na saa sita."

"Umejuaje?"

Nadhani hilo ndilo swali lililomsaidia, kwa maana lilikuwa swali lake mwenyewe. Alieleza. Kwamba Jumatano alipima hapohapo akakuta wenye mikia mitatu, wenye vijumba na kaa. Kwamba chokaa huunguza wanyama wa namna hiyo. Kwamba matete yaliyofyekwa yalikuwa yakizuia udongo.

"Na nani ameuua?"

"Sisi, madam. Tulikuwa tunakukaribisha." Akaongeza, "Mimi nilisugua mawe mawili."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Bi. Zainabu alivua viatu. "Basi kifo nimekiona," alisema. "Nionyeshe na uhai. Tupande juu."

Tulipanda tukifuata maji, yeye na Rispa mbele, Mwalimu Shitandi na suti yake katikati, bodi nyuma, na kwaya, ambayo hakuna aliyeiambia ibaki. Ilibidi tupenye katika miwa ya mwenyekiti wa bodi, iliyofika mpaka majini, na kila mtu alikwaruzwa kwa kiasi chake. Hapo Rispa alipata minyoo na ruba. Tulipoipita miwa, penye miti kidogo iliyosalia, aliinua jiwe moja na kumpa mgeni. Upande wa chini ulikuwa umejaa. Bi. Zainabu alilishika kwa mikono miwili muda mrefu, halafu akalirudisha alikolitoa, upande uleule. Nilimpenda kwa hilo.

Mwalimu Shitandi alisogea, akavaa miwani. "Hawa ndio waliokuwa kwetu?"

"Ndio hao, Mwalimu," Rispa alisema.

"Na ni wazuri?"

"Ndio wanaoonyesha maji ni mazuri."

Alitazama tena. Niliona jambo hilo likimwingia polepole, na niliona akitafuta pa kuliweka. Tuliporudi shuleni, alipata. Katika neno la kushukuru, baada ya ingokho, kuku wa wageni huku kwetu, na soda, alisimama akasema kwamba wageni wameshuhudia jaribio la kisayansi ambalo shule ililiandaa makusudi, ili kuona kama mwanafunzi angeweza kugundua uharibifu. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Mwenyekiti wa bodi alipokea pongezi kwa ajili ya chokaa yake.

Bi. Zainabu alimgeukia Rispa. "Ndivyo, mwanangu? Lilikuwa jaribio?"

Hii ilikuwa mara ya pili kwa siku moja. Ningekuwa mimi, ningesema ndiyo na kunywa soda yangu. Rispa aliweka chupa chini.

"Jaribio huandikwa kabla ya kufanywa, madam. Hili halikuandikwa."

Bi. Zainabu aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mwalimu Shitandi alitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua mezani kati ya mifupa ya kuku, akaomba kalamu. Baba yake Rispa alikuwa amesogea mpaka nyuma ya kiti cha mwalimu, kofia ameikunja kama kitambaa cha sahani. Mwalimu aliandika sentensi moja, akaipulizia wino, akampa mgeni bila kumtazama mtu.

Niliisoma baadaye, kwa sababu ofisi yetu ilitakiwa kuweka nakala. Alikuwa ameandika: "Mwanafunzi huyu husema kweli hata asipoombwa na mtu yeyote." Aliiandika kama onyo, na ninaamini aliiandika kwa uchungu, akijua pia kwamba hakuandika uongo. Bi. Zainabu aliisoma palepale, akaikunja kwa uangalifu, akamwambia baba yake Rispa aanze kutafuta sanduku la safari.